Nilivyokwenda Toronto Kuchana Karatasi

Mmeniuliza mpaka nimechoka. Shoga yangu Mwantumu aliniuliza nikiwa bado nimeshika begi mlangoni, hata maji ya kunawa uso hajanipa: "Alisema au hakusema?" Kesho yake mezani pangu pa vitumbua likawa swali lile lile, na mama muuza ndizi ambaye hata simjui vizuri naye akauliza. Basi nimenunua daftari, naandika mara moja, msome wote. Nimesoma mpaka darasa la tano, kwa hiyo mwenye shida ya nukta na mkato aende kwa mwalimu.

Kwa wale waliohamia mtaani juzi nianze na mkono. Mkono wangu wa kulia una vidole viwili vilivyopinda kama ndoana, cha pete na cha mwisho, na kiganja kina kovu kama njia ya panya. Ni kazi ya mashine ya brashi, kule shamba la mkonge, nikiwa na miaka ishirini. Mashine ile husugua singa, zile nyuzi za mkonge, mpaka zing'ae, na siku ile ilinisugua mimi. Ukivuta singa zilizokwama huku inazunguka, haiulizi hii ni singa au ni binti wa watu.

Waliosababisha nimewataja kila mara, hamtashangaa. Wa kwanza nyapara Hozza, aliyeng'oa wavu wa kinga kwa sababu eti unachelewesha kazi. Wa pili Shemhilu wa zahanati, aliyenifunga bandeji juu ya uchafu, akanipa vidonge vya kichwa wakati kilichosagika ni mkono. Hao wamekufa, Mungu awasamehe Yeye, mimi bado. Wa tatu ni mdogo wangu Zuhura. Alikuwa amesimama kwenye swichi, hakuzima.

Zuhura aliolewa, akaenda Kanada, mumewe akafa huko, akabaki. Miaka zaidi ya thelathini amenitumia mablanketi, simu mbili, sufuria inayopiga mluzi. Kitu kimoja hakutuma, neno samahani, nalo halina uzito wowote kwenye mzigo.

Mwaka huu akapiga simu: "Dada, njoo ukae nami miezi miwili. Hapa chini ya jengo letu kuna darasa la Kijapani la kuchana karatasi, wanatengeneza picha. Ni zuri kwa vidole."

Nikawaza, mtu havushwi bahari kwa ajili ya karatasi. Anataka kusema, anaona haya kusema kwenye simu. Nikafunga begi. Hiyo ndiyo safari yenyewe: nilifuata neno moja.

Tanga mpaka angani

Kwenye ndege nilikaa na mama mmoja wa Kondoa anayekwenda kumwona mjukuu. Hatujafunga hata mikanda ameshauona mkono wangu, na ndege haijaacha ardhi ameshanipa dawa tatu: mafuta ya mbuni, maji ya moto yenye chumvi, na kumsamehe adui.

"Mafuta ya mbuni yanapatikana wapi?" nikamwuliza.

"Ndiyo magumu kupatikana."

"Basi zote tatu ni ngumu," nikamwambia, nikageukia dirishani.

Addis, tulikobadilisha ndege, tulikaa saa tisa nzima. Ndege ilikuwapo, tunaiona kwenye kioo, lakini kila tukisimama tunaambiwa tukae. Mama wa Kondoa akafungua kikapu, nikafungua changu. Visheti nilivyompikia Zuhura, anavyovipenda tangu mdogo, tukavila nusu pale pale. Nilimlaumu rubani, na jina lake silijui, la sivyo angekuwa humu.

Malton

Kutoka uwanjani nikamtafuta mdogo wangu kwenye ule umati wa mashada ya maua. Badala yake nikaona mwanamume mwenye fulana ya kung'aa ya kazi, ameshika kipande cha boksi kimeandikwa MWANAIDI BINTI SALEHE kwa kalamu nene, kama mzigo uliokosa mwenyewe.

"Shikamoo mamangu. Mimi Sudi, wa Mombasa, jamaa wa Zuhura. Zuhura kabadilishiwa shifti. Utakaa kwetu kidogo, ni hapa hapa tu."

Kidogo ikawa siku mbili. Nyumba yao iko Malton, jirani na uwanja, na ndege zinapita juu ya paa chini mno, mtu anakatiza sentensi, anangoja, anaendelea. Sudi anapakua mizigo ya ndege alfajiri. Mkewe Rukia yuko ghala la nguo mchana. Ndugu wa Rukia yuko ghala la vyakula jioni. Katika nyumba ile hakuna saa ambayo wote wako macho. Wanaishi kwa karatasi: juu ya kila sufuria kuna kijikaratasi cha jina la mwenye nayo na saa ya shifti yake.

Mimi ningejuaje? Kwetu sufuria ikiwa jikoni ni ya aliyefika. Nimeamka, nyumba kimya, nikafunua, biriani ya kuku. Nikala kama mtu aliyekula visheti kwa siku mbili. Saa nane Sudi akarudi kutoka kazini, akafunua, akafunika. Akafunua tena.

"Mwanangu, hiyo nimekula mimi," nikasema.

"Sorri mamangu. Sorri sana. Makosa yangu, kijikaratasi sikukibandika vizuri."

Nikamtazama. Nimekula chakula chake cha mchana, na yeye ndiye anayeomba radhi! Akakaanga mayai mawili, akala amesimama. Nikafikiri labda ni adabu za Mombasa. Sikujua kwamba nimeingia katika nchi ya watu wote kuomba radhi isipokuwa mmoja.

Malton mpaka Flemingdon Park

Siku ya tatu Zuhura akamtuma binti yake, Naila, wa miaka kumi na tisa. Mtoto mzuri, ana macho ya mama yetu. Kiswahili anakisikia chote, hata mafumbo, ila kila jibu analitoa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha "yes" na "no" na jina la sabuni. Basi tukasafiri hivyo, mimi namwuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza na kunionyesha kwa vidole, na kwa kweli tulielewana kuliko mimi na mama yake.

Tulipanda mabasi, na treni ya chini ya ardhi, na basi tena. Mwezi wa tatu, theluji imelala kando ya barabara nyeusi kama masizi, na mimi nimevaa koti la marehemu mume wa Zuhura, linanifika vifundoni. Kwenye basi la kwanza nilimkanyaga kijana. Akasema sorri. Nikamgonga mama mmoja kwa begi, akasema sorri. Mzee mmoja aligonga mlango kwa bega lake mwenyewe, akauambia mlango sorri, wallahi nimesikia. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikavimaliza, vilivyonyooka na vilivyopinda.

Kali kuliko zote ni pale barabara ya Eglinton. Tunangoja, pua imekufa, likaja basi. Nikainua begi. Basi likapita bila kusimama, tupu kabisa, na usoni juu ya kioo maandishi ya taa.

"Limeandikwa nini?" nikamwuliza Naila.

Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akijikongoja kwa Kiswahili. "Mama mkubwa, basi... basi nasema samahani. Haifanyi kazi."

"Basi limesema samahani?"

"Yes."

"Mama yako amewahi kulisoma basi hilo?"

Akacheka mpaka akashika nguzo. Hakujua kwamba sikutania.

Flemingdon Park ni majengo marefu ya kupanga yaliyosimama ukingoni mwa bonde, kama mashoga wanaochungulia kisima. Zuhura yuko ghorofa ya kumi na nne. Alifungua mlango na mwiko mkononi. Amenenepa, mvi zimemjaa. Tukakumbatiana na mwiko ukiwa katikati, sijui aliusahau au alifanya makusudi.

"Dada, umechoka. Kula."

"Nimekula kwa Sudi."

"Najua. Amenipigia simu. Kula tena."

Ugali wao ni wa unga wa njano, samaki wa kopo kaungwa nazi ya kopo, lakini mkono ni wa mama yetu, nikatambua kwa tonge la kwanza. Nikangoja. Nikasema akimaliza kupakua atasema. Akapakua, akaosha vyombo, akafuta meza, akanionyesha ratiba iliyobandikwa kwenye friji: Jumanne na Alhamisi darasa, Ijumaa msikitini, Jumapili sokoni, na kazi yake kwenye nyumba ya wazee siku zilizobaki. Miezi miwili yote imejaa. Nikaitafuta kwenye ratiba saa ya kusema, haikuwamo.

Chini ya jengo

Darasa liko chumba cha chini, jirani na mashine za kufulia, kwa hiyo kila kitu tulichojifunza tulijifunza kwa ngurumo. Mwalimu ni bibi wa Kijapani, Bi Haruko, mfupi kama meza, amezaliwa huko huko Kanada. Wanafunzi tulikuwa tisa. Jirani yangu upande mmoja ni Zuhura. Upande wa pili ni Mama Filomena, Mgoa wa Nairobi, yaani Mhindi wa Goa, karani mstaafu, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, ambaye alinitafsiria Kiingereza cha mwalimu kwa Kiswahili alichokiacha Nairobi akiwa kijana, nacho kimekaa kama alivyokiacha.

"Mama, mwalimu nasema hapana makasi," akaniambia siku ya kwanza. "Makasi iko dhambi hapa."

Kazi yenyewe wanaiita chigiri-e. Picha haichorwi, inachanwa. Una karatasi za Kijapani za rangi, nyingine nene, nyingine nyembamba kama utando wa yai. Unalowesha brashi, unapitisha mstari wa maji pale unapotaka karatasi iachane, unangoja maji yanywewe, halafu unavuta kwa mikono miwili, polepole. Haikatiki kwa ncha kali, inaachana yenyewe na kuacha manyoya kandokando, ndiyo inakuwa ukungu au manyoya ya ndege au maganda ya tunda. Halafu unabandika kwa gundi ya wanga.

Siku ya kwanza tuliambiwa tutengeneze tunda lao, kama nyanya ya rangi ya chungwa. La Zuhura likawa tunda. La Mama Filomena likawa tunda lenye kiuno. Langu wakalizunguka wote wakasema zuri, kisha wakauliza ni mbuzi wa wapi.

Lakini nilipoinua ile karatasi dirishani nikaona kitu, moyo ukanipasuka. Singa! Karatasi yote ni singa, ndefu, nyeupe, zimelala kama zilivyolala kwenye kamba za kuanikia kule shambani. Hawa Wajapani wanamenya gome la mti, wanalipiga, wanalisuka kwa maji. Mashine iliyonila mkono kazi yake ilikuwa kuziondoa singa za pembeni zinazosimama, fungu liwe laini, na hapa mwalimu anazitaka zile zile zinazosimama.

Na vidole vyangu, jamani. Wenzangu walivuta kwa haraka, manyoya yakatoka mafupi. Mimi sina haraka ya kuvuta, ndoana zangu zinashika kidogo, zinaachia kidogo. Manyoya yalitoka marefu kama kope. Bi Haruko akasimama nyuma yangu muda mrefu, akasema maneno mawili.

"Nasema hiyo kidole yako najua kazi," akatafsiri Mama Filomena. "Yeye nafanya miaka arobaini, bado hapati hivyo."

Nikamtazama Zuhura. Sasa ni wakati wake, vidole vimetajwa mbele ya watu. Zuhura akainamia karatasi yake, akasema, "Dada, pitisha gundi."

Jambo jingine la kazi ile ndilo lililoniudhi. Kosa halifutwi. Ukikosea, hubandui, maana utaharibu chini. Unachana kipande cha karatasi nyembamba, unafunika, unaendelea. Mwalimu alipolieleza hilo Zuhura aliinua uso kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Alikuwa hodari wa kufunika kuliko darasa zima. Nikasema moyoni, kwa nini asiwe, amefanya mazoezi tangu shamba la mkonge.

Wiki zikapita. Tulikula pamoja, tukaenda sokoni, tukacheka habari za watu wa Tanga. Kila nikisogea karibu na jambo lenyewe anasimama kuangalia chungu. Nikimwambia, "Unakumbuka brashini?" anasema, "Nakumbuka, Dada. Chai iko tayari." Nikaona nisipofanya kitu nitarudi mikono mitupu.

Mwisho wa darasa kungekuwa na maonyesho, kila mtu na picha moja. Wenzangu wakachagua maua na madaraja. Mimi nikachagua mashine ya brashi. Nikaichana kwa karatasi ya kijivu, ngoma yake ya duara, singa nikaziacha ndefu zikiruka kama povu. Nikaweka wasichana wawili wa kanga, mmoja kainama mkono ndani, mwingine kasimama kando, kiganja juu ya swichi nyekundu. Kiganja kile nilikifanya kikubwa, kikubwa kama jani la mkonge, ili asije akasema hakukiona. Zuhura alikaa upande wangu wiki mbili nikikibandika. Aliniazima brashi yake.

Nikamwomba Mama Filomena aniandikie kadi ya jina la picha kwa Kiingereza. "Andika: Mdogo wangu hakuzima."

Akashika kalamu, akaniangalia juu ya miwani. "Mama, hii nabandika kwa ukuta? Na yeye iko hapo?"

"Ndiyo maana."

Akaandika. Karani ni karani.

Downsview

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi mmoja Downsview, katikati ya maghala, karibu na wiki ya mwisho ya kukaa kwangu. Picha zilipelekwa siku moja kabla kwa gari, na aliyesaidia kuzifunga ni Zuhura. Hilo nililikumbuka baadaye.

Siku yenyewe tulichelewa. Basi lilizungushwa kwa sababu wanachimba barabara, na mimi nimeona katika safari hii kwamba Toronto wanazika kitu kikubwa sana, maana wanachimba kila mahali. Zuhura alikuwa amebeba sambusa themanini kwenye mapaja, ukumbi mzima unazisubiri. Njia nzima anatazama dirishani. Nikadhani ana haya. Nikasema vizuri, haya ndiyo mwanzo wa neno.

Tukaingia. Watu wamesimama vikundi vikundi, na kikundi kikubwa kuliko vyote kiko mbele ya picha yangu. Bi Haruko ananiona, anainama. Nikasogea nikiwa nimejiandaa kumwona Zuhura akisoma kadi.

Kiganja kilikuwa kimefunikwa.

Juu yake kuna kipande cha karatasi nyeupe nyembamba, ile ya utando wa yai, kimechanwa vizuri, manyoya pande zote. Kiganja kinaonekana chini yake kama kitu kilicho nyuma ya mvuke wa chungu. Na kadi imegeuzwa, upande mtupu mbele.

"Mama, mzuri sana," Mama Filomena ananinong'oneza. "Wote nasema hiyo ukungu ndiyo imefanya picha. Wewe nafikiria lini?"

Damu ikanipanda. Nikageuka, nikasema kwa sauti ya sokoni, "Nani kafunika?"

Wasiojua Kiswahili wakatabasamu. Zuhura akaweka trei ya sambusa chini.

"Mimi."

"Unanifunika mpaka kwenye karatasi? Miaka thelathini haikukutosha?"

"Haikuwa hivyo, Dada."

"Hukuwa kwenye swichi?"

"Nilikuwa kwenye swichi." Akavaa koti lake. "Vaa na lako. Tusiwaharibie watu chakula."

Tukatoka. Nje ni upepo na ukuta wa ghala na kituo cha basi chenye benchi la chuma. Hatukukaa, lile benchi lingetung'ang'ania kwa baridi.

"Karatasi nene zilikuwapo," akasema. "Ningetaka kuficha ningeweka nene. Nimeweka hii ili uulize."

"Nimeuliza."

"Siku ile ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi."

"Ya nini?"

Nikageukia ukuta wa ghala.

"Ya harusi ya Mwanahamisi," akasema. "Tumeshashona sare. Kipande chetu cha kazi ya siku kimebaki mafungu mawili. Brashi ikabanwa. Nikakuuliza, Dada nizime? Ukaniambia nini?"

Mwantumu, hapa weka daftari chini kwanza uvute pumzi, maana hili sijakuambia wewe wala mama yangu mpaka anaingia kaburini. Brashi ile ukiizima, kuiwasha tena kulitaka fundi, na fundi alikuwa akija kwa miguu yake mwenyewe na kwa wakati wake mwenyewe. Tungekosa ngoma. Na mimi ndiye niliyekuwa na hamu ya ngoma, kuna mtu nilitaka anione nikiwa na ile sare.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," Zuhura akaendelea, na sasa sauti imeanza kukatika. "Ukaniambia, usizime, ukizima tutachelewa, natoa mara moja. Nikakutii kwa sababu wewe ni mkubwa. Halafu jioni umelala na bandeji, mama anauliza ilikuwaje, ukasema, Zuhura hakuzima. Ningesema nini? Nikupinge na damu bado inatoka? Nikasema akipona atasema mwenyewe. Ukapona. Ukawaambia Tanga nzima."

"Kwa nini hukusema kwenye simu?"

"Ningesemaje, wakati anayetakiwa kusema ni wewe? Nimekuita uje. Nimekupikia. Nimekukalisha pembeni yangu wiki saba nangoja. Kila ukisema 'unakumbuka brashini' moyo unanidunda, nasema sasa anasema, nakimbilia jikoni nisilie mbele yako. Nawe unaniangalia tu kama mtu aliyeagiza chai."

Yaani mtu mzima mimi nimevuka bahari kufuata neno, kumbe anayelidai ndiye aliyenitumia tiketi. Wawili tumekaa meza moja na brashi moja, kila mmoja anangoja mwenzake afungue kinywa, na Mama Filomena pembeni anatafsiri maneno ya mwalimu.

Basi likaja. Nikainua mkono. Likapita wima bila kusimama, tupu, taa zinawaka usoni. Zuhura akalitazama, na midomo yake ikasoma yenyewe kwa mazoea: "Samahani. Halifanyi kazi."

Nikamwambia, "Hiyo ni ya basi."

"Najua ni ya basi."

"Yangu hii." Na lile neno nililomlaumu mwenzangu kwa kutolituma nikaona lina uzito kuliko begi. "Nilisema mimi. Nilisema usizime. Niwie radhi, mdogo wangu."

Hakulia. Nilidhani atalia. Alinishika vile vidole viwili, akavisugua kwenye glovu yake kama anavipasha moto, akasema, "Nami ningezima tu, Dada. Ningekuzimia tu, ukanipiga baadaye. Niwie radhi na mimi."

Tukarudi ndani tukakuta sambusa zimebaki mbili. Nawataja wahusika: Mama Filomena, sita. Bi Haruko, tano, niliambiwa.

Kurudi

Za kurudi hazina mengi. Zuhura safari hii alinisindikiza mwenyewe mpaka uwanjani, kaomba ruhusa kazini, na tulipita kwa Sudi kumpelekea biriani ya sufuria nzima yenye kijikaratasi cha jina lake nilichokibandika kwa gundi ya wanga, kisibanduke. Naila aliniaga kwa Kiswahili sentensi tatu kamili. Addis ilikuwa saa mbili tu, nikakosa wa kumlaumu.

Picha nimekuja nayo. Iko ukutani nyuma ya karai la vitumbua, na moshi umeshaanza kuipa rangi. Kile kipande cheupe sikukibandua. Bi Haruko aliniambia kwa kinywa cha Mama Filomena kwamba nikibandua nitang'oa na mkono wa chini, basi kikae. Anayetaka kukiona kiganja asogee.

Sasa mmejua. Alisema, nami nilisema, na mimi nilianza. Wahusika wa mkono wangu waandikeni upya: Hozza kwa wavu, Shemhilu kwa bandeji, na Mwanaidi binti Salehe kwa harusi ya watu. Zuhura mtoeni.

Na wewe Mwantumu, uliyemsema Zuhura kwenye kila msiba na kila mkeka kwa maneno niliyokupa mimi, Ijumaa baada ya sala anapiga simu. Nitakupa uzungumze naye. Usianze kumwuliza habari za baridi.